Grace Ogot: Nesi Aliyeambiwa Stori Zake Hazifai, Akaenda Kuandika Novel Nzima

Kuna wasee wengi hapa Sisibo wako na novel imelala kwa simu. Chapta tatu za kwanza ziko moto, ya nne imekwama tangu Disemba, na kila ukifungua hiyo faili kuna sauti inakuuliza wewe ni nani ndio uandike kitabu. Unaandika laini mbili, unafuta tatu. Unaingia TikTok. Usiku umeisha.

Leo tubonge kuhusu mathe mmoja ambaye hiyo sauti haikuwa ya kichwani tu. Kwake ilitoka kwa mdosi wa ofisi ya kuchapisha vitabu, na huyo mdosi ndiye alikuwa anaamua nani atasomwa na nani atarudi home na karatasi zake.

Jina lake ni Grace Ogot. Labda ulikutana naye shuleni kwa ile stori ya The Rain Came, ya Oganda, binti ya chifu Labong'o, anayetumwa ziwani aliwe na zimwi ndio mvua inyeshe. Kama ulisoma hiyo stori na ukakosa usingizi, ujue ilikuwa karibu isitoke kabisa.

Alizaliwa 15 Mei 1930 kule Asembo, Nyanza, akaitwa Grace Emily Akinyi. (Asembo hiyo hiyo ndiyo ilitupea Margaret Ogola wa The River and the Source. Sijui wanakunywa maji gani huko.) Babake, Joseph Nyanduga, alikuwa kati ya wanaume wa kwanza pale kijijini kupata elimu ya kizungu. Aliingia kanisa la Anglikana mapema, akawa anafunza Ng'iya Girls. Kwa babake, Grace aliskia stori za Agano la Kale. Kwa nyanyake, aliskia ngano za Waluo: ziwa, zimwi, waganga, kafara.

Ukiangalia poa, hizo stori hazikuwa mbali vile. Kwa Biblia, Ibrahimu anapanda mlima na kijana wake kumtoa kafara. Kwa ngano ya nyanya, chifu anamtuma binti yake ziwani. Grace alikua akibeba zote mbili, na hakuna mtu nyumbani alimwambia achague moja. Shika hapo, juu hii ndiyo ilimletea shida baadaye.

Alisoma Ng'iya na Butere, kisha 1949 akavuka Uganda kusomea unesi hadi 1953. Akatoka huko akaenda London kuongeza masomo kwa hospitali ya kina mama na watoto. Akiwa hukohuko akaingia pia BBC, akawa anaandika skripti na kutangaza kwa kipindi cha watu wa East Africa. Mtu wa kushika sindano mchana anashika pia maikrofoni. Hii mambo ya kuwa na hasol mbili hatukuianza sisi.

Lakini kitu kilimwingiza kwa uandishi wa stori ni barua za mapenzi, si kazi. Kulikuwa na kijana wa Gem, Bethwell Ogot, alikuwa anasoma Scotland. Wakawa wanaandikiana. Jamaa akisoma hizo barua aliona hapa kuna ushairi, huyu dem hapigi salamu tu. Akaanza kumsukuma aandike vitu vya kusomwa na watu wengine. Wakaoana 1959. Na wasee wa Moi University pale Kesses, hilo jina mnalijua: ndiye yule Profesa Bethwell Ogot, mwanahistoria, aliyekuja kuwa Chansela wenu. Aliaga Januari 2025. Wengi walimjua mzee na joho lake la sherehe ya kufuzu, lakini hawakujua kwamba kwa hiyo nyumba kulikuwa na mwandishi mwingine mkali.

Tayari 1958 Grace alikuwa amerudi Kenya, akafanya kazi hospitali ya Maseno, baadaye kwa huduma za afya za wanafunzi pale Makerere. Wakati huo akawa ameanza kuandika stori fupi, na kilichotoka kwa kalamu ni zile za nyanya. Hakukaa chini kutafuta kitu cha kuwafurahisha wazungu. Alichukua yale alikuwa nayo.

Akazipeleka East African Literature Bureau.

Lazima uelewe hiyo ofisi ilikuwa nini. Serikali ya mkoloni ndiyo iliiweka miaka ya 1940 ndio ichapishe vitabu vya Waafrika wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Hakukuwa na kupakia mwenyewe kwa mtandao. Hakukuwa na Wattpad. Ukikataliwa hapo, mlango wa pili haukuwa hata na barabara ya kuufikia. Sasa meneja akaangalia stori za Grace, moja yao ikiwa ile ya Oganda, na akashindwa kuelewa. Mwanamke Mkristo, amelelewa kwa misheni, anaandikaje mambo ya kafara na dawa za kienyeji? Kwa nini asiandike kuhusu wokovu?

Angalia venye hiyo swali inauma. Hakuambiwa hajui kuandika. Hakuambiwa sentensi zake ni mbovu, akazitengeneze arudi. Aliulizwa yeye ni mtu wa aina gani. Na hiyo ndiyo aina mbaya zaidi ya kukataliwa, juu huwezi irekebisha kwa kalamu nyekundu. Ukirudi mezani baada ya hapo, kila neno linakuwa kesi. Je, nikiandika huyu mganga, watasema nimeacha kanisa? Je, nikiandika kuhusu wokovu, nani ataibeba stori ya nyanya? Mimi naamini block nyingi za watu ninaowajua ziko hapa. Maneno yako, lakini kuna mtu fulani amekaa kwa kichwa yako na muhuri, anangoja kugonga hapana. Mwalimu wa fasihi, pasta, buda yako, ama mtu mmoja wa mtandao mwenye picha ya gari.

Grace hakubadilisha stori. Pia hakuingia kwa novel akiwa amekasirika. Alichofanya ni kutafuta masikio mengine.

Juni 1962 kulikuwa na kongamano la waandishi wa Afrika Makerere. Hapo ilikuwa ni majina tupu: Chinua Achebe, Wole Soyinka, Ezekiel Mphahlele, Christopher Okigbo. Ngugi wa Thiong'o alikuwa bado mwanafunzi anaitwa James Ngugi, akamwonyesha Achebe mswada wa Weep Not, Child. Rebecca Njau pia alikuwepo. Grace akasimama mbele ya watu hao akasoma stori yake, wakati huo ikiitwa A Year of Sacrifice. Ile ile ya kafara ambayo Bureau iliona ni aibu.

Kuna kitu kingine aliona Makerere, na kwangu ndicho kinabeba stori yote. Kulikuwa na vitabu vya waandishi wa Kiafrika vimewekwa watu waone. Vya West Africa, viko. Vya South Africa, viko. Vya kwetu, hakuna. Kongamano liko Kampala, wenye nyumba hawana kitabu kwa meza.

Mtu mwingine angeona hiyo meza akasema basi sisi hatuwezi, tuwaachie Wanaijeria. Kwake ilikuwa kinyume. Kumbe meneja wa Bureau hakuwa amemlinganisha na waandishi wengine wa kwetu na kumkuta ameshindwa, juu hata hao wengine hawakuwa wamewekwa hapo. Alitoka Makerere akiwa na sababu ya kuchapisha.

Halafu mambo ikaanza kutembea, polepole. A Year of Sacrifice ikatoka 1963 kwa jarida la Black Orpheus, Nigeria. Mwaka uliofuata stori nyingine, Ward Nine, ikatoka kwa Transition, jarida la Kampala. Kumbuka yeye ni nesi, na wodi alikuwa anazijua kuliko wengi wetu. Stori yake nyingine, The Old White Witch, ni kuhusu manesi wa hospitali ya misheni wanaogoma juu wamekataa kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa. Huwezi buni mgomo kama huo ukiwa umekaa tu kwa keja. Zile mboka alikuwa anafanya ndizo zilikuwa zinamlisha kalamu.

Hapa nataka wenye novel zimekwama wasome pole pole. Grace hakuanza na novel. Alianza na vitu vya kurasa chache, akavipima kwa watu, akaona vinashika. Miaka minne baada ya Makerere, 1966, ndio novel yake ya kwanza ikatoka: The Promised Land, iliyochapishwa na East African Publishing House, nyumba changa ya Nairobi. Mwaka huo huo Flora Nwapa wa Nigeria akatoa Efuru. Hao wawili ndio wanahesabiwa kwa mstari wa mbele kabisa wa wanawake Waafrika waliochapisha novel kwa Kiingereza.

Na novel yenyewe inahusu nini? Tulia. Ochola na bibi yake Nyapol wanahama Nyanza kutafuta utajiri Tanganyika. Nyapol hataki kwenda lakini anafuata bwana. Wanaomoka, mashamba, ng'ombe, kila kitu. Jirani anaingiwa na wivu, na huyo jirani ni mtu wa dawa. Ochola anapata ugonjwa wa ngozi, mwili unaota vitu kama miiba. Hospitali ya wazungu inashindwa. Anayemtibu ni mganga, na sharti ni wahame mara moja, waache mali yote nyuma.

Umeona venye amecheza? Kitu ambacho meneja wa Bureau alimuuliza kwa nini anaandika, dawa za kienyeji, hakukificha kwa kona ya kitabu. Alikiweka katikati, akakizungushia novel nzima. Na aliyeandika ni nesi aliyesomea London, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuamini sindano. Manze, hiyo ni roho ngumu. Kuandika kuhusu hospitali inashinda na mganga anaweza, ukijua wenzako wa kazini watasoma.

Isikae kama filamu, ati baada ya hapo maua yakamwagwa. Wahakiki kadhaa waliikalia The Promised Land vibaya. Waliona mazungumzo ni mepesi, na huo uganga kwa mwisho ukawashinda kumeza. Nikisema ukweli, mimi pia naona mwisho unakimbia kidogo. Lakini ndoa ya Ochola na Nyapol, venye mwanamke anajua hii safari ni mbaya na bado anafunga mizigo, hiyo sehemu bado inakata.

Mwaka wa 1968 akatoa Land Without Thunder, mkusanyiko wa stori fupi. Humo ndimo Oganda yuko, na pia Tekayo, yule mzee anayeonja ini tamu na kuanza kuwinda wajukuu wake. Kama unatafuta kitu cha kutisha usiku stima zikipotea, soma hiyo. Mkusanyiko mwingine, The Other Woman, ukaja 1976.

Novel? Kimya. Kutoka The Promised Land hadi The Graduate ya 1980 ni miaka 14. Katikati hapo alilea watoto wanne, alifanya kazi ya maendeleo ya jamii Kisumu, akawa ofisa wa uhusiano mwema wa Air India, akawa mwenyekiti wa chama cha waandishi wa Kenya, na 1975 akaenda New York na ujumbe wa Kenya kwa mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa. Stori fupi ziliendelea kutoka. Kirefu kilipokosa nafasi, alishika kifupi. Miaka 14, na wewe unajipiga juu ya miezi minne.

The Graduate yenyewe ina kitu kinachekesha. Inamhusu Juanina Karungaru, mwanamke anayepata kuwa waziri serikalini na anaenda Marekani kuwashawishi Wakenya waliosoma warudi nyumbani. Hiyo ni 1980. Miaka mitatu baadaye, 1983, Rais Moi akamteua Grace Ogot mwenyewe bungeni. Mwaka wa 1985 akaenda kwa wapiga kura wa Gem, akashinda uchaguzi mdogo, na akawa waziri msaidizi. Kwa hivyo aliandika mwanamke serikalini kwanza, ndio akaenda kuwa.

Wakati huo huo alikuwa amegeuza kitu kingine. Miaka 20 ya kuandika kwa Kiingereza ilikuwa imemfikisha Lagos na London, lakini wale waliomsimulia ngano hawangeweza kumsoma. Akarudi Dholuo. Ber Wat ilitoka 1981, kisha Miaha mwaka wa 1983. Miaha watu wa Nyanza waliishika hadi wakaiigiza jukwaani, na 1989 ikatafsiriwa kwa Kiingereza kama The Strange Bride. Yule msichana wa Asembo aliyeulizwa kwa nini anaandika mambo ya nyanya, sasa akawa anaandika kwa lugha ya nyanya mwenyewe.

Bungeni alitoka 1992. Kitabu cha maisha yake, Days of My Life, kilitoka 2012, akiwa na miaka 82. Aliaga 18 Machi 2015.