Zhan Tianyou, mjenzi wa reli aliyebezwa na wageni

Leo treni za mizigo za China zafika hadi Ulaya. Zamani reli zake nyingi zilijengwa na wageni. Zhan Tianyou, mzaliwa wa Guangdong mwaka 1861, alipelekwa Marekani akiwa mtoto, akahitimu uhandisi Yale 1881.

Waingereza na Warusi waligombania reli ya Beijing hadi Zhangjiakou, mji wa misafara ya chai iendayo Urusi. Mwaka 1905 China ikamkabidhi Zhan. Wageni walimcheka. Kwenye mlima wa Badaling alipinda reli kwa zigizaga, injini moja mbele, nyingine nyuma. Kilomita takriban 200 zikakamilika 1909.

Alifariki 1919. Nasi wa Pwani, reli ijayo ataijenga nani?