Muyaka bin Haji na Nadharia ya Mawasiliano

Nadharia ya mawasiliano ifundishwayo vyuoni aghalabu huanzia mwaka 1948, ambapo Claude Shannon na Harold Lasswell, kila mmoja kwa njia yake, walieleza safari ya ujumbe kutoka kwa msemaji, kupitia chombo, hadi kwa mpokeaji. Maisha ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy yanatulazimu kuuliza iwapo mwanzo huo unatosha.

Muyaka alizaliwa Mombasa mnamo 1776, mji ukiwa chini ya Wamazrui, na aliishi karibu na watawala hao. Alitunga juu ya mapenzi, nyumba, ufukara na siasa, ilhali tungo za Kiswahili zilizohifadhiwa kabla yake ni za dini kwa sehemu kubwa. Mohamed Abdulaziz, katika kitabu chake cha 1979, alimwona kuwa ndiye aliyelitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni. Hoja hiyo ni sahihi, ila soko si mahali pa kutangazia tu. Ni mahali pa kujibizana pia.

Jambo hili lilidhihirika katika uhasama baina ya Mombasa na Lamu. Takriban mwaka 1812 majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa Shela, na Lamu ikatafuta himaya ya Seyyid Said wa Oman. Vita vya silaha viliandamana na vita vya beti: Muyaka alitunga Mombasa, na Zahidi Mgumi akatunga Lamu. Katika desturi hii anayejibu hutarajiwa kuzishika mizani, na mara nyingi hata vina, vya mpinzani wake. Akipewa fumbo, sharti alifumbue kwanza ndipo alipe. Mpokeaji, basi, si mwisho wa safari ya ujumbe. Akinyamaza, ameshindwa. Kweli, Norbert Wiener naye aliandika juu ya mrejesho mwaka uleule wa 1948. Lakini mrejesho wake humwezesha mpelekaji kurekebisha mwendo wake mwenyewe, ilhali jibu la Zahidi lilikuwa ujumbe kamili, wenye mamlaka yake na mji wake.

Mwaka 1837 Mombasa iliangukia mikononi mwa Seyyid Said, na Muyaka akafariki mnamo 1840. Mwishoni mwa karne hiyo Mwalimu Sikujua na mmisionari William Taylor walizikusanya tungo zake, na mwaka 1940 William Hichens akazichapisha katika Diwani ya Muyaka. Tunawiwa nao shukrani. Hata hivyo, diwani yenye jina la mtu mmoja hutuzoesha kumsoma Muyaka kama msemaji pekee, yaani kwa kielelezo kilekile cha 1948. Mwalimu anayetaka kumwingiza katika somo la mawasiliano hana budi kuzisoma beti za Mombasa na za Lamu pamoja, kwa mpangilio wa kurushiana kwake. Zilidumu kwa miongo kadhaa vinywani mwa wasikilizaji wa kawaida.