Mcheza kwao hutunzwa: Funzo la Sembène kwa Kitui na Makueni

Wapo wanaodhani kwamba mazungumzo kuhusu majumba madogo ya sinema na matamasha ya filamu ni anasa ya watu wa miji mikubwa. Kwa maoni yao, mambo hayo hayawahusu wakazi wa Mutomo, Mwingi, Wote wala Kibwezi, ambao hangaiko lao ni maji ya mifugo na mvua isiyotabirika. Dhana hiyo naipinga, na hoja yangu naijenga juu ya maisha ya mtu mmoja ambaye walimu na wanafunzi wetu wanamfahamu zaidi kwa riwaya zake kuliko kwa filamu zake. Mtu huyo ni Ousmane Sembène wa Senegali.

Sembène alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor, katika jimbo la Casamance, wakati nchi ilikuwa chini ya Wafaransa. Baba yake alikuwa mvuvi. Masomo yake yalikatika mapema, kwani alifukuzwa shuleni baada ya kugombana na mwalimu mkuu, wala hakurudi tena darasani. Alipelekwa Dakar akafanya kazi ya uashi na ya umakanika. Mwaka 1944 aliandikishwa katika jeshi la Ufaransa, akatumikia Niger akiwa dereva. Aliporejea nyumbani alikuta wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Niger wakijiandaa kwa mgomo mkubwa, ule ulioanza Oktoba 1947 na kuendelea hadi Machi 1948. Kisha akavuka bahari kwenda Marseille, akawa kuli wa bandarini.

Huko Marseille ndiko alikojisomesha. Aliumia uti wa mgongo akipakua mizigo, na katika siku za kupona alizama katika vitabu vya maktaba ya chama cha wafanyakazi. Mwaka 1956 alichapisha riwaya yake ya kwanza kuhusu kuli mweusi. Mwaka 1960 ikafuata ile iliyompa jina duniani, inayosimulia mgomo wa reli, ambayo wasomaji wa Kiingereza wanaijua kama God's Bits of Wood.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Lakini mwaka huohuo wa 1960 nchi nyingi za Afrika zilikuwa zikijipatia uhuru, na Sembène akarudi kulizunguka bara lake. Katika safari hizo alikabiliwa na ukweli mchungu: watu aliokuwa akiwaandikia hawakuweza kumsoma. Kuli, mke wa mfanyakazi wa reli na mkulima wa mpunga hawakujua Kifaransa, na wengi hawakujua kusoma lugha yoyote. Kitabu kilichowasifu kilikuwa kikisomwa Paris. Hapo ndipo alipoamua, akiwa karibu na umri wa miaka arobaini, kujifunza kazi mpya. Mwaka 1962 alikwenda Moscow kusomea utengenezaji wa filamu katika studio ya Gorky.

Filamu yake fupi, Borom Sarret, ilitoka mwaka 1963. Inamfuata mwendesha mkokoteni wa Dakar kwa siku moja, akibeba watu wasiomlipa, hadi polisi wanapomnyang'anya mkokoteni kwa kosa la kuuingiza katika mtaa wa wakubwa. Mwondoe farasi, mweke punda, na huyo ni mtu wa Kitui anayeuza maji kwa mitungi. Mwaka 1966 alitoa La Noire de..., kisa cha msichana wa Senegali anayechukuliwa na waajiri wake Wafaransa hadi Antibes, akafungiwa jikoni na upweke mpaka akajiua. Sina haja ya kuwaeleza wazazi wa Ukambani ambao binti zao wamekwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani kwa nini kisa hicho hakijazeeka.

Mwaka 1968 alichukua hatua ambayo mimi, kama mwanaisimu, naihesabu kuwa kubwa kuliko zote. Alitengeneza Mandabi, filamu kuhusu mzee anayepokea hundi ya posta kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris, akashindwa kuipokea fedha kwa sababu hana kitambulisho. Wafadhili walitaka Kifaransa. Sembène aliwapa toleo la Kifaransa, lakini akatengeneza na la Kiwolofu, na hilo ndilo lililobaki katika historia. Kwa mara ya kwanza mtazamaji wa Dakar aliketi katika jumba la sinema akasikia watu wa katika picha wakizungumza kama yeye. Filamu ndefu iliyofuata, Emitaï ya mwaka 1971, ilitumia Kidiola, lugha ya watu wa Casamance. Katika miaka hiyo hiyo alishirikiana na mwanaisimu Pathé Diagne kutoa jarida la Kiwolofu lililoitwa Kaddu.

Hata hivyo, Sembène alikuwa amekwisha kugundua jambo ambalo waandaaji wetu wengi hulisahau: filamu iliyokamilika si lazima iwe filamu iliyoonekana. Katika makoloni ya zamani ya Ufaransa, biashara ya sinema ilishikwa na kampuni mbili za kigeni, COMACICO na SECMA, ambazo zilimiliki au kuyalisha majumba ya miji karibu yote. Majumba hayo yalijazwa filamu za Marekani, za Uhindi na za Ufaransa zilizokwisha kulipa gharama zake kwingine. Mwafrika aliyetengeneza filamu yake alikuwa kama mkulima wa maembe wa Makueni aliyevuna shehena nzima, kisha akakuta barabara ya sokoni imefungwa na dalali.

Dawa waliyoitafuta yeye na wenzake ilikuwa kukutana. Mwaka 1966 Tahar Cheriaa alianzisha tamasha la Carthage nchini Tunisia, na tuzo kuu ya kwanza ikaenda kwa La Noire de.... Mwaka 1969 ilifanyika wiki ya sinema ya Afrika mjini Ouagadougou, ambayo baadaye ilikuja kuwa tamasha kubwa la FESPACO, na Sembène alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Mwaka huohuo watengenezaji filamu walikutana Algiers, na mwaka 1970 shirikisho lao, FEPACI, likaundwa rasmi nchini Tunisia. Mapema mwaka 1970 serikali ya Volta ya Juu, ambayo leo ni Burkina Faso, ilitaifisha majumba yake ya sinema. Kampuni za kigeni zilijibu kwa kuyanyima filamu, lakini funzo lilikwisha kupatikana: mwenye ukumbi ndiye mwenye neno la mwisho.

Mikutano hiyo haikuwa ya tuzo na picha za magazetini tu. Watu waliokuwa wakihangaika kila mmoja kwao walijuana. Mwenye filamu alimpata mwenye ukumbi, na aliyekatazwa na serikali yake alipata pa kuonyeshea kwingine. Matunda yake yalionekana wazi mwaka 1988, pale Sembène na Thierno Faty Sow walipotoa Camp de Thiaroye, kuhusu askari Waafrika waliouawa na jeshi la Ufaransa karibu na Dakar tarehe 1 Desemba 1944 kwa kudai malipo yao. Filamu hiyo iligharimiwa na Senegali, Aljeria na Tunisia. Hakuna aliyekwenda Paris kuomba.

Nyumbani nako Sembène alifanya jambo la kawaida lakini gumu: alibeba filamu zake kijiji kwa kijiji, akazionyesha, kisha akakaa kujadiliana na watazamaji. Kwake yeye sinema ilikuwa shule ya jioni kwa watu wazima. Si kila mtawala aliifurahia shule hiyo. Xala ya mwaka 1975, inayowacheka matajiri wapya wa baada ya uhuru, ilikatwa vipande na wadhibiti, naye akachapisha karatasi za kueleza vipande vilivyokatwa. Ceddo ya mwaka 1977 ilizuiwa Senegali kwa sababu iliyotolewa rasmi kuwa ni ya tahajia! Serikali ya Rais Senghor ilishikilia kwamba neno hilo liandikwe kwa d moja, Sembène akashikilia mbili, na filamu haikuonyeshwa nchini mwake hadi Senghor alipokwisha kuondoka madarakani. Bila shaka yaliyomo ndani ya filamu, kuhusu dini, utumwa na madaraka, ndiyo yaliyouma zaidi. Lakini walimu wa lugha na wauzingatie mfano huo. Mtu aliyekubali kupoteza watazamaji wa nchi nzima kwa ajili ya konsonanti moja alikuwa akidai kwamba lugha za Waafrika zistahiki kuandikwa kwa uangalifu. Sisi tunaochapisha matangazo ya Kikamba bila kujali alama za irabu ĩ na ũ tuna la kujifunza.

Mwaka 1992 alitoa Guelwaar, filamu ambayo ningetamani ionyeshwe katika kila tarafa ya Kitui na Makueni. Inamhusu mtu anayesimama hadharani kuilaani misaada ya chakula inayowafanya watu wake kuwa ombaomba wa kudumu, akauawa, na maiti yake ikazikwa kimakosa katika makaburi ya Waislamu ilhali yeye ni Mkristo. Ukambani tuna neno letu, mwolyo, na kila aliyekulia huku anajua historia iliyomo ndani yake: ukame, foleni, mizani, na mwanasiasa aliyesimama kando ya magunia akidai shukrani. Simwambii mwenye njaa akatae chakula. Nasema kwamba swali la heshima ya anayepokea limekwisha kuulizwa kwa ustadi na Mwafrika mwenzetu, nasi hatujaliona jukwaani kwetu.

Filamu yake ya mwisho, Moolaadé, ilipingana na ukeketaji wa wasichana. Aliipiga katika kijiji cha Burkina Faso na ikapata tuzo Cannes mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 81. Alifariki dunia Dakar tarehe 9 Juni 2007.

Tusimfanye malaika. Mtandao alioshiriki kuujenga ulikuwa na kichwa kikubwa na miguu myembamba. Matamasha yalishamiri, lakini yaliegemea serikali na misaada ya Ulaya, na majumba ya sinema ya Dakar yenyewe yalifungwa moja baada ya jingine, kama yalivyogeuzwa mengi ya Nairobi kuwa makanisa na maduka. Filamu ya Kiafrika ikawa mgeni anayeheshimiwa Carthage na Cannes lakini hana kitanda kijijini kwao. Pengo hilo Sembène alijaribu kuliziba kwa miguu yake mwenyewe, na mtu mmoja hawezi kuwa barabara.

Ndiyo maana naamini kazi iliyobaki inapaswa kuanzia chini, na Kitui na Makueni ni mahali pazuri pa kuianzia. Kila mwaka wanafunzi wetu hutengeneza filamu kwa ajili ya Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu. Walimu hutoa jioni zao, wazazi huchangia mavazi, waamuzi hutoa alama. Baada ya hapo filamu ya mtoto wa Mwingi inahitaji njia ya kufika Wote, na njia hiyo hatujaitengeneza. Mwaka 2017 Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alionekana katika matamasha ya kimataifa kupitia filamu Thank You for the Rain aliyoipiga pamoja na Julia Dahr wa Norwei, kuhusu familia yake na mabadiliko ya hali ya hewa. Ikiwa shamba la Kitui laweza kusafiri hadi Ulaya, lashindwaje kuvuka mto Athi?

Kumbi tunazo: za kaunti, za makanisa, za shule, za vyuo. Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya kina makao yake Kitui na kampasi mjini Wote. Barabara ya lami imekwisha kuunganisha Kibwezi, Mutomo na mji wa Kitui. Kinachokosekana ni siku moja kwa mwaka, Kitui safari hii na Wote safari ijayo, ambapo wenye kumbi, wenye projekta, walimu wa drama, vijana wa vibanda vya video na waandaaji wa matamasha watakaa meza moja. Waorodheshe kumbi. Waorodheshe filamu. Wakubaliane nani atabeba nini kwenda wapi, leseni itaombwaje, mwenye filamu atalipwa nini, na ni zipi zitakazotiwa maandishi ya Kikamba au ya Kiswahili chini ya picha. Kikamba cha Kitui na cha Makueni hutofautiana kidogo, lakini si kiasi cha kuzuia kicheko mahali pa kucheka. Wazanzibari walituonyesha mfano: tamasha lao lililoanza mwaka 1998 halikuridhika na Ngome Kongwe, bali lilizipeleka filamu hadi vijijini Unguja na Pemba.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini ili atunzwe, lazima kwanza awe na uwanja kwao. Walimu wa Kitui na Makueni msingoje wizara wala mfadhili. Muhula ujao, shule mbili tu, moja kila upande wa Athi, zibadilishane filamu zao na kuwaalika wazazi. Sembène alianza na mkokoteni mmoja.