Jock Stein: mchimba makaa aliyeipa Celtic ubingwa wa Ulaya

Kila ligi inapochachamaa, wasikilizaji wetu hupiga simu na swali lile lile: kocha anafanya nini hasa, wakati wanaokimbia uwanjani ni wachezaji? Tumeona tulijibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja.

Jock Stein alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1922 huko Burnbank, kwenye eneo la migodi ya makaa ya mawe karibu na Glasgow, Scotland. Baba yake alikuwa mchimbaji, na kijana hakukawia kumfuata chini ya ardhi. Kule mgodini, uzembe wa mmoja unaweza kuwafukia wote. Sisi tunaamini huko ndiko alikosomea ukocha, maana hadi mwisho hakumvumilia mchezaji mvivu.

Mwaka 1942 alianza kuichezea timu ndogo ya Albion Rovers huku akiendelea na kazi mgodini. Alikuwa beki wa kawaida tu. Celtic walipomchukua mwaka 1951, nia yao ilikuwa awasaidie vijana wa kikosi cha pili. Mabeki wakubwa wakaumia, akaingia yeye, akawa nahodha, na mwaka 1954 wakatwaa ligi na Kombe la Scotland. Baadaye kifundo cha mguu kiliharibika, akastaafu akichechemea.

Akapewa kuwafundisha chipukizi. Mwaka 1960 akaenda Dunfermline, timu iliyokuwa inakaribia kushuka daraja. Ilishinda mechi zake zote sita zilizobaki, ikapona. Mwaka uliofuata ikachukua Kombe la Scotland kwa kuwafunga Celtic wale wale kwenye fainali.

Machi 1965 Celtic wakamrudisha. Hapa pana jambo la kuelewa. Klabu hiyo ilianzishwa na Wakatoliki, na makocha wake wote waliotangulia walikuwa Wakatoliki. Stein alikuwa Mprotestanti, katika mji ambao dini na mpira vimegombanisha hata ndugu. Tena mwenyekiti wa klabu alikuwa amezoea kupanga kikosi mwenyewe. Stein alikubali kazi kwa sharti kwamba atakayepanga timu ni yeye. Wako makocha wengi, hata huku kwetu, ambao wangefurahi kulipata sharti hilo!

Alivaa nguo za mazoezi akaingia uwanjani na wachezaji, na mazoezi yakafanyika kwa mpira, si kuzunguka uwanja tu. Bobby Murdoch, aliyekuwa mshambuliaji wa ndani, alimrudisha nyuma kidogo awe kiungo, naye akawa moyo wa timu.

Lakini kisa tunachokipenda zaidi ni cha winga Jimmy Johnstone, fundi wa chenga aliyeogopa sana ndege. Novemba 1968 Celtic walikuwa wakicheza nyumbani na Red Star ya Belgrade, na hadi mapumziko ilikuwa 1-1. Stein akamwahidi kwamba wakishinda kwa tofauti ya mabao manne, hatapanda ndege kwenda mechi ya marudiano. Johnstone alirudi uwanjani kama mtu anayeokoa maisha yake. Alifunga mawili, akatengeneza mengine, na mechi ikaisha 5-1. Kocha mwingine angemtoza faini kwa woga wake.

Kabla ya hapo, tarehe 25 Mei 1967 mjini Lisbon, Celtic walikutana na Inter Milan, mabingwa wa kujilinda, kwenye fainali ya Klabu Bingwa Ulaya. Inter walitangulia mapema kwa penati. Celtic hawakuacha kushambulia hata kidogo: Tommy Gemmell akasawazisha, Steve Chalmers akafunga la pili. Wakawa klabu ya kwanza ya Uingereza kulichukua kombe hilo. Wachezaji wote walizaliwa ndani ya maili 30 kutoka Glasgow.

Walitwaa ligi mara tisa mfululizo, kuanzia 1966 hadi 1974. Hakuwa malaika wa mpira: mwaka 1970 walipoteza fainali ya Ulaya kwa Feyenoord, na lawama ya kuwadharau wapinzani ilimwangukia. Ajali ya gari mwaka 1975 nusura imuue. Mwaka 1978 Celtic walimwondoa kwenye ukocha wakitaka ashughulikie mambo ya biashara. Mtu aliyewapa kombe la Ulaya! Akaondoka.

Akaishia timu ya taifa ya Scotland. Tarehe 10 Septemba 1985, mjini Cardiff, walihitaji sare dhidi ya Wales ili kubaki kwenye njia ya Kombe la Dunia. Walikuwa nyuma 1-0. Stein akamwingiza Davie Cooper, na Cooper akafunga penati dakika za mwisho. Kabla mechi haijaisha, Stein alianguka pembeni mwa uwanja. Alifariki muda mfupi baadaye humo humo uwanjani kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 62.

Aliyeipeleka timu Mexico ni msaidizi wake, kocha kijana aitwaye Alex Ferguson.