Morris Benton: Alifariki 1948, herufi zake zikaja kuwa nembo ya YouTube

Unaikumbuka nembo ya YouTube ya kabla ya 2017, zile herufi ndefu, nyembamba, zilizokolea? Zilitokana na kazi ya mtu ambaye intaneti hakuiona.

Ni Morris Fuller Benton, Mmarekani aliyezaliwa Milwaukee mwaka 1872. Baba yake alibuni mashine ya kuchongea herufi za uchapaji. Mwana akasomea uhandisi wa mitambo Cornell, akamaliza 1896, kisha wakafanya kazi pamoja American Type Founders.

Kichwa cha habari gazetini kina shida yake: maneno mengi, safu finyu. Ukikuza herufi hazienei, ukizipunguza msomaji anapita tu. Mwaka 1903 Benton akaja na Alternate Gothic, herufi nzito zilizobanwa ubavuni, zenye upana wa aina tatu. Mchapaji anachagua inayomtosha, basi.

Alisimamia zaidi ya aina 200 za herufi, Franklin Gothic ikiwemo. Ila jamaa hakuwa mtu wa kujitangaza kabisa, na sifa zikaenda kwa wengine. Alistaafu 1937. Leo toleo la bure la herufi zile, League Gothic, unalipakua kwenye simu yako.