Benjamin Graham na Maana Halisi ya Hisa

Kila unapowadia msimu wa bonasi ya majani chai, mazungumzo katika soko la Mikinduri hugeuka kuwa ya hesabu. Wakulima wa vilima vya Nyambene huulizana ni shilingi ngapi zitalipwa kwa kila kilo, na kwa nini kiwanda jirani kimelipa zaidi. Aghalabu swali huishia hapo. Ni wachache mno wanaokumbuka kwamba, mbali na kuuza majani mabichi, wao pia ni wenye hisa katika kampuni ya kiwanda, na kwamba mwenye hisa ana haki ya kuuliza mengi kuliko bei. Kwa ajili hiyo inafaa walimu na wanafunzi wetu wayajue maisha ya Benjamin Graham, aliyeutumia umri wake wote kulifafanua neno hilo moja.

Graham alizaliwa London tarehe 9 Mei 1894, na alipokuwa na umri wa mwaka mmoja jamaa yake walihamia New York. Baba yake alifariki mwaka 1903, na biashara ya vyombo vya kauri iliyowalisha ikadidimia. Mwaka 1907 soko la hisa liliporomoka, na mama yake, aliyekuwa amenunua hisa kwa fedha za kukopa, akapoteza akiba yake. Kijana huyo aliijua njaa ya soko kabla hajalijua soko lenyewe.

Alikuwa msomi wa ajabu. Alipohitimu katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1914, akiwa na umri wa miaka 20, idara tatu zilimtaka afundishe: ya Kiingereza, ya falsafa na ya hisabati. Lakini ukata wa nyumbani ulimsukuma Wall Street, mtaa wa wafanyabiashara wa fedha, akaanzia kazi za chini kabisa.

Huko alikuta watu wakinunua hisa kwa uvumi. Yeye akaanza kusoma daftari. Mwaka 1926, akipekua taarifa ambazo makampuni yalitakiwa kuiwasilishia serikali huko Washington, aligundua kwamba kampuni ndogo ya mabomba ya mafuta, Northern Pipeline, ilikuwa imelimbikiza hati za dhamana zenye thamani ya dola 95 hivi kwa kila hisa, ilhali hisa yenyewe iliuzwa kwa dola 65. Mali hiyo haikuhitajika kuendeshea mabomba. Aliwaendea wakurugenzi akawasihi wawagawie wenye mali, nao wakamwambia kwamba asiyeridhika na auze hisa zake aende zake.

Hakuenda. Januari 1927 alisafiri hadi mji wa Oil City, Pennsylvania, kuhudhuria mkutano wa mwaka. Alikuwa karibu peke yake miongoni mwa watu wa kampuni, na hoja yake ikafa kwa kukosa wa kuiunga mkono. Mwaka mzima uliofuata aliwatembelea wenye hisa wengine, akakusanya idhini zao za kura, na mwaka 1928 akarejea na kushinda viti viwili kati ya vitano vya bodi. Hatimaye kampuni ililipa dola 70 kwa kila hisa. Fedha hizo zilikuwako siku zote. Kilichokosekana ni mwenye mali wa kuziulizia.

Asidhani msomaji kwamba Graham hakuteleza. Mporomoko wa 1929 ulimkumba naye, na kufikia 1932 mfuko aliousimamia ulikuwa umepoteza takriban asilimia 70. Alifanya kazi miaka kadhaa bila malipo hadi waliomwamini walipofidiwa. Kutokana na machungu hayo kilizaliwa kitabu alichoandika na David Dodd mwaka 1934, kisha kingine cha 1949 kilichowalenga watu wa kawaida. Mwanafunzi wake maarufu, Warren Buffett, alikaa darasani mwake Columbia akatoka na msingi wa utajiri wake.

Mafundisho yenyewe ni mepesi kueleza na magumu kutenda. Kwanza, Graham alitenga kuwekeza na kubahatisha: anayewekeza huchunguza kwanza, akahakikisha mtaji wake una usalama na faida yake ni ya kiasi, mengine yote ni bahati nasibu. Pili, alilifananisha soko na mbia mwenye maradhi ya hisia, ajaye kila siku na bei mpya, leo akiwa na furaha ya kupindukia, kesho akiwa amekata tamaa. Mwenye busara humtumia mbia huyo. Hamfanyi kuwa mshauri wake.

Wakenya walikutana na mbia huyo mwaka 2008, hisa za Safaricom zilipouzwa kwa shilingi 5. Watu zaidi ya 800,000 waliomba, wengine kwa mikopo. Bei ilipoanguka chini ya shilingi 5, wengi waliuza kwa hofu. Mwaka 2021 hisa hizo hizo zilipita shilingi 40. Lakini pia si kila anayengoja huvuna: Mumias, iliyoingia sokoni mwaka 2001, iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Subira bila daftari ni usingizi tu.

Mkulima wa Mikinduri, hata hivyo, yuko katika hali tofauti. Hisa za kiwanda chake haziuzwi katika soko la Nairobi, na hakuna mbia anayemgongea mlango kila asubuhi. Hawezi kuuza aende zake kama Graham alivyoshauriwa. Kwa hiyo silaha iliyosalia ni ile ya Oil City: kusoma hesabu, kuhudhuria mkutano, na kutafuta wa kumuunga mkono kabla ya siku ya mkutano. Tangu mwaka 2000, shirika la KTDA lenyewe limekuwa mali ya makampuni ya viwanda, na viwanda ni vya wakulima. Mlolongo huo wa umiliki hauna maana iwapo kiungo cha kwanza kimenyamaza.

Graham alifariki Ufaransa tarehe 21 Septemba 1976. Hakuziacha lugha alizozipenda: mwaka 1969 ilichapishwa tafsiri yake ya Kiingereza ya riwaya ya Mario Benedetti wa Uruguay, aliyoitoa katika Kihispania. Labda ndiyo sababu aliyachukulia maneno kwa uzito. Kiswahili nacho kimetutangulia katika hili, kwani hisa, neno tulilolipata kwa Waarabu, maana yake ni fungu, sehemu ya kitu kizima. Asemaye ana hisa anasema ana sehemu ya kiwanda, mashine zake, madeni yake na maamuzi yake. Walimu wa hesabu wa Tigania na kwingineko wangefanya jambo la maana kuipeleka taarifa ya mwaka ya kiwanda darasani, ili mtoto amsomee mzazi. Mali bila daftari, walisema wahenga, huisha bila habari.