Fundi Konde na siri ya nyuzi za gitaa

MWANAMUZIKI Fundi Konde, aliyezaliwa Pwani mwaka 1924 na kufariki 2000, anakumbukwa kama mmoja wa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, aliwatumbuiza askari wa KAR. Baadaye alirekodi nyimbo kadha, ukiwemo Majengo Siendi Tena, jina lisilo geni kwa wakazi wa Majengo, Pumwani, mtaani Eastlands.

Gitaa kavu hutegemea ubao mwembamba wa kifuani kukuza sauti. Aliyebadilisha nyuzi akaweka nene zaidi alipata sauti kubwa, lakini mvuto wake ungeweza kuubinua ubao huo polepole. Aliyeweka nyembamba aliunusuru ubao, ila sauti yake ilimezwa na kelele za wachezaji dansi katika kumbi kama Pumwani Memorial Hall.

Umeme ulitegua kitendawili hicho. Sumaku iliyo chini ya nyuzi za chuma hunasa mtetemo wake, kisha kipaza sauti huukuza. Mzigo wa kujaza ukumbi ukauondokea ubao, na mpigaji gitaa akasikika hadi mlangoni.